Kukatika pumzi usingizini: ugonjwa unaohitaji shahidi



Je, nyumbani kwako yuko mtu anayekoroma? Bila shaka yuko. Labda ni baba, labda ni mjomba, labda ni wewe mwenyewe. Wengi wetu tukisikia mtu anakoroma tunacheka. Wengine husema, “Huyo amelala usingizi mzuri.” Mara nyingi sivyo. Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa unaojificha ndani ya kukoroma, na juu ya mama mmoja wa hapa Babati aliyelazimika kuandika barua kuhusu ugonjwa huo. Mama ameniruhusu nieleze habari yake, ila jina lake nisilitaje.

Ilikuwa mwaka 2021. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Mama huyo alikuja zahanati mchana, wagonjwa wakiwa wamepungua. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na karatasi moja mkononi. Mwanawe aliyeko Marekani alikuwa ametuma ujumbe kwa simu, na kijana wa steshenari akauchapa ili mama ausome kwa nafasi.

“Daktari mwanangu,” akaniambia, “nimesoma yote, lakini sijaelewa. Mbona huyu mtoto ananiuliza kama alikuwa anakoroma alipokuwa mdogo?”

Mimi si daktari. Ni tabibu msaidizi mwenye cheti. Lakini hapa kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari, na nimeacha kubishana. Nilisoma ule ujumbe. Kijana alikuwa ameingia katika jeshi la Marekani mwaka 2010. Msomaji usishangae. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la nchi hiyo lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wanaojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Alitoka jeshini mwaka 2015. Mwaka 2019 alipimwa akakutwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Aliomba fidia ya ulemavu, akakataliwa. Sasa alitaka kukata rufaa, na shahidi aliyemkosa alikuwa mama yake.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

Ukiwa macho, misuli ya koo hushikilia njia ya hewa ibaki wazi. Ukilala, misuli hiyo hulegea. Kwa watu wengi hakuna shida. Lakini kwa wengine ulimi na nyama laini za nyuma ya koo hulala juu ya njia ya hewa. Hewa ikipita kwa kubanana, nyama zile hutikisika. Huko ndiko kukoroma. Njia ikiziba kabisa, hewa haipiti. Kifua kinajaribu kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Kukoroma hukoma ghafla. Nyumba inakuwa kimya.

Kimya hicho kinaweza kuchukua sekunde 10, au 20, au zaidi. Ndipo ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kidogo. Anahema kwa nguvu, anageuka, na anaendelea kukoroma. Asubuhi hakumbuki lolote. Wataalamu huuita ugonjwa huu apnea. Pumzi ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa moja, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Wapo ambao hukatika pumzi zaidi ya mara 30 kwa saa. Hebu fikiri: mtu wa namna hiyo huamshwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Atawezaje kusema amelala?

Mgonjwa huamka na kichwa kinauma. Kinywa kimekauka. Usiku huenda kukojoa mara nyingi. Mchana husinzia kwenye mkutano wa kijiji, kanisani, msikitini, hata akiwa anazungumza na mtu. Husahau. Hukasirika upesi. Watu humwita mvivu. Wakati huohuo moyo wake unafanya kazi ngumu usiku, na shinikizo la damu hupanda. Ugonjwa huu ukiachwa huongeza hatari ya kiharusi na magonjwa ya moyo.

Wenye hatari zaidi ni watu wanene, hasa wenye shingo nene. Ukipima shingo kwa utepe wa fundi cherehani, ukapata zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke, jihadhari. Lakini mtu mwembamba pia huweza kuupata, kwa sababu ya umbo la taya au la koo. Watoto wenye mafindofindo makubwa huupata pia. Pombe na dawa za usingizi huzidisha ugonjwa, maana hulegeza koo zaidi.

Sasa turudi kwa yule kijana. Kwa nini alikataliwa fidia, na ugonjwa anao kweli?

Huko Marekani iko idara ya serikali inayoshughulikia wanajeshi waliotoka jeshini. Askari akiumia au kuugua kwa sababu ya utumishi wake, hulipwa kila mwezi kulingana na ukubwa wa ulemavu. Lakini lazima athibitishe mambo matatu. Yafikirie kama mafiga. Figa la kwanza ni kwamba ugonjwa anao leo, na umethibitishwa na daktari. Kwa ugonjwa huu lazima apimwe akiwa amelala, kwa vyombo vinavyohesabu pumzi. Figa la pili ni kwamba jambo fulani lilitokea akiwa jeshini: aliumia, au dalili zilianza wakati huo. Figa la tatu ni kamba inayofunga hayo mawili, yaani maelezo ya daktari kwamba ugonjwa wa leo umetokana na lile la jeshini.

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili, sembuse moja. Kijana wetu alikuwa na figa moja tu. Alipimwa mwaka 2019, miaka minne baada ya kutoka jeshini. Katika faili lake la matibabu la jeshi hapakuwa na neno hata moja juu ya usingizi. Barua ya kukataliwa ilisema hivyo hasa: hakuna ushahidi kwamba ugonjwa ulianza katika utumishi.

Na hapa ndipo ugonjwa huu unapowaponza wengi. Mtu akivunjika mguu anajua siku na saa. Mtu anayekatika pumzi usingizini hajui kitu. Askari kijana hatakwenda kwa daktari wa kambi kusema, “Nakoroma.” Atachekwa. Anayejua ni aliyelala kitanda cha jirani, au mkewe, au mama yake.

Sheria yao inakubali ushahidi wa watu wa kawaida. Lakini mtu aseme tu kile alichokiona au kukisikia. Mama huyu, nilipomweleza, alichukua kalamu akataka kuandika, “Mwanangu ana ugonjwa wa apnea alioupata jeshini.” Nikamwambia, “Mama, hilo huwezi kulisema wewe. Hilo ni la daktari. Wewe sema masikio yako yalisikia nini, lini, na mara ngapi.”

Alinitazama kidogo, kisha akasema, “Basi nina mengi.”

Mama huyu alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la kisomo. Aliandika barua ile kwa mkono wake, kwa siku tatu. Nilitaka nimwandikie, akakataa. Aliandika kwamba mwanawe alilala chumba kimoja na mdogo wake mpaka alipomaliza shule, na hakukoroma. Aliandika kwamba alikuja likizo Desemba 2013, akalala sebuleni kwake. Kila usiku alikoroma mpaka kuku wa jikoni wakasumbuka. Kisha kimya. Kisha anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyezama Ziwa Babati akaibuka. Usiku wa pili mama alitoka na tochi, akamtikisa, akidhani amekufa.

Nilimwuliza, “Mama, una hakika gani kwamba ilikuwa Desemba 2013?” Akajibu kwamba alikuja kwa harusi ya mdogo wake, na cheti cha ndoa kipo. Vizuri sana. Tarehe ya barua ikasimama juu ya tarehe ya cheti. Mwalimu mmoja wa sekondari aliitafsiri barua kwa Kiingereza, na karatasi zote mbili zikatumwa, ile ya Kiswahili na ile ya tafsiri.

Kisha mama akakumbuka kitu kingine. Katika ile likizo kijana alikwenda zahanati moja hapa mjini, sitaitaja, kwa sababu ya kichwa. Mama alifungua sanduku analohifadhia kadi za kliniki za watoto wake wote, na cheti kikapatikana. Kilikuwa na maneno machache tu: “Kichwa, asubuhi. Uchovu. Panadol.” Na tarehe.

Aliyeandika hakuuliza habari za usingizi. Nami simlaumu, maana nimeandika vyeti vya namna hiyo mara nyingi, foleni ikiwa ndefu. Mara nyingine naandika “kichwa” peke yake. Lakini yule mwenzangu aliandika neno “asubuhi”, na neno hilo moja lilikuja kuwa na thamani kubwa miaka minane baadaye. Kichwa kinachouma asubuhi ni dalili mojawapo ya ugonjwa huu.

Labda unadhani hapo kijana alishinda. La. Alikataliwa tena mwaka 2022.

Nieleze kidogo njia za rufaa za huko, maana si mlango mmoja. Sheria iliyopitishwa mwaka 2017, ikaanza kutumika Februari 2019, iliweka njia tatu. Asiyeridhika anaweza kuleta ushahidi mpya. Au anaweza kuomba ofisa wa ngazi ya juu aangalie upya karatasi zilezile, bila kuongeza kitu. Au anaweza kwenda kwenye Baraza la Rufaa, mbele ya jaji. Akichagua vibaya hupoteza muda. Kwa mfano, kama tatizo ni kukosa ushahidi, kumwomba ofisa mwingine asome faili lilelile hakutasaidia. Pia kuna mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Akiendelea na rufaa ndani ya mwaka huo, akishinda baadaye kwa kawaida hulipwa kuanzia siku ya ombi lake la kwanza. Akiuacha mwaka upite, atahesabiwa kuanzia upya.

Kijana alikuwa amefuata njia ya ushahidi mpya, na barua ya mama ilipokelewa. Uamuzi wa pili ulisema kwamba maelezo ya mama yanaaminika. Mafiga yakawa mawili. Bado figa la tatu: hakuna daktari aliyeandika kwamba kukoroma kule kwa mwaka 2013 na ugonjwa uliopimwa mwaka 2019 ni kitu kimoja.

Mama alinijia amekasirika. “Wameniamini, halafu wamemkataa mwanangu?” Nilimwambia kwamba barua hiyo si mbaya kama inavyoonekana. Barua ya kukataliwa inayotaja sababu ni kama fundi anayekuonyesha tundu la paa. Kazi iliyobaki ni kuziba tundu lile, siyo kuezeka nyumba nzima upya.

Kijana alimtafuta daktari wa usingizi. Daktari alisoma barua ya mama, alisoma cheti cha Babati, alisoma pia barua ya askari mmoja aliyelala naye chumba kimoja kambini. Kisha akaandika maoni yake na sababu zake. Huko daktari halazimiki kusema kwamba ana hakika kabisa. Inatosha aseme kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi. Sheria yao inasema kwamba mizani ikiwa sawa pande zote mbili, askari ndiye apewe haki. Nimeipenda sheria hiyo.

Mwaka 2023 alikubaliwa. Alipewa ulemavu wa asilimia 50, kwa sababu analala na mashine ya kusukuma hewa. Kanuni iliyotumika huko kwa miaka mingi ndiyo hiyo: asiyeonyesha dalili hupewa 0, anayesinzia sana mchana hupewa 30, anayehitaji mashine hupewa 50, na aliyeharibika kabisa upumuaji hupewa 100. Mwaka 2022 idara yao ilitangaza pendekezo la kuibadili kanuni hiyo, na askari wengi hawakulifurahia.

Wako pia wanaofika kwenye ugonjwa huu kwa kuzunguka. Askari aliumia goti. Hakuweza tena kutembea wala kukimbia. Akanenepa. Unene ukaleta kukatika pumzi. Sheria ya huko inaweza kukubali mnyororo kama huo, mradi daktari aeleze kila pete yake.

Utauliza, “Na sisi wa hapa je?”

Nisikudanganye. Hapa kwetu kukoroma peke yake hakutakupa fidia. Tanzania Bara tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mchango hulipwa na mwajiri, haukatwi katika mshahara wako. Mfuko hulipa mtu aliyeumia kazini, au aliyeugua kwa sababu ya kazi yake. Kukatika pumzi usingizini mara nyingi hakutokani na kazi. Lakini kama uliumia kichwa, taya au shingo kazini, na usingizi wako ukabadilika baada ya hapo, jambo hilo liandikwe katika cheti chako. Mwajiri aarifiwe mapema. Usisubiri mwaka upite. Na ukikataliwa, sheria inakupa nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya na kukata rufaa. Omba sababu kwa maandishi.

Wazee wetu waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wengi sasa wana miaka sitini na zaidi. Baadhi yao wana majeraha ambayo hayakuandikwa popote. Mwenye dai lolote aanzie ofisi ya jeshi iliyomstaafisha, na aende na karatasi zake zote, hata zilizochakaa. Watoto na wajukuu, tafuteni karatasi hizo wakati mzee bado anakumbuka zilipo.

Wanaonitia hofu zaidi ni madereva. Mji wetu uko njia panda. Magari ya Arusha, Singida na Dodoma yanapita hapa usiku na mchana. Dereva wa basi mwenye ugonjwa huu anaweza kusinzia akiwa na roho sitini nyuma yake, na hana habari kwamba ni mgonjwa. Anadhani amechoka tu, kwa hiyo anakunywa kahawa. Mke wa dereva, wewe ndiye unayesikia. Mwambie. Utingo unayelala naye ndani ya gari, nawe mwambie.

Ugonjwa huu una matibabu. Anza na yale yasiyo na gharama. Lala kwa ubavu, siyo chali. Wengine hushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo, ili wakijigeuza chali waamke. Acha pombe, hasa jioni. Mnene apunguze uzito. Kwa mtoto mwenye mafindofindo, upasuaji unaweza kumponya. Mashine ya kusukuma hewa iligunduliwa Australia na daktari Colin Sullivan, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1981. Hupuliza hewa kwa upole kupitia barakoa ya puani, na hewa hiyo huzuia koo lisizibe. Mashine haiponyi ugonjwa. Huuzuia usiku ule unapoitumia.

Yule kijana alikuja Krismasi iliyopita na mashine yake. Mama anasema usiku wa kwanza alilala bila kusikia sauti yoyote, akaamka mara mbili kwenda kuhakikisha kwamba mwanawe anapumua. Usiku wa tatu umeme ukakatika. Saa nane mama alisikia kile kishindo cha zamani. Hakuogopa. Alikwenda akamgeuza ubavuni, akaandika tarehe katika daftari lake, akarudi kulala.

Zahanati zetu hazina vyombo vya kupimia usingizi. Tunachoweza ni kukusikiliza, kupima shinikizo la damu, uzito na shingo, kuandika vizuri, na kukupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Kutoka huko wanaweza kukupeleka hospitali kubwa zaidi, kama KCMC ya Moshi. Ukija, usije peke yako. Njoo na yule anayelala karibu nawe, na kama ameandika usiku alizokusikia, aje na daftari hilo.